Uma Mweusi wa Ngongoti

Kwa kawaida Fundi alimjua Ngongoti kwa mlio wa baiskeli yake kabla hajamwona sura. Alhamisi hiyo hakusikia mlio wowote. Alisikia hatua za miguu, tena za haraka, na alipoinua kichwa kutoka kwenye cheni aliyokuwa akiisafisha, akamwona amesimama mlangoni pa karakana, fremu begani, meno yote nje, na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gazeti kwapani. Moyo ulimruka kwa furaha, kama ulivyomruka kila alipomwona kwa miezi minane sasa. Lakini macho yake ya kazi yalikuwa yameshaona jambo lingine. Fremu haikuwa na gurudumu la mbele, wala uma wa kulishika gurudumu hilo.

"Umeanguka?" aliuliza, akainuka na mikono yake yenye grisi.

"Nianguke mimi? Kwa miguu hii?"

Miguu yenyewe ilikuwa ndiyo sababu ya jina. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mtu wa kupaka rangi nyumba ambaye wenzake walimtania kwamba hahitaji ngazi, na mtaa mzima ulimwita Ngongoti, kama ile miti mirefu wanayotembelea wachezaji wa ngoma. Baiskeli za kawaida zilimfanya aonekane amepanda ya mtoto. Hii aliyokuwa nayo ilikuwa fremu ya chuma ya zamani, kubwa isivyo kawaida, aliyoipata kwenye mtumba baada ya kutafuta mwaka mzima.

"Funga macho," alisema.

"Nina kazi, Ngongoti."

"Funga, mpenzi. Dakika moja."

Alifumba. Akasikia gazeti likichanwa, kisha kitu chepesi, laini, kikawekwa kwenye viganja vyake. Hakuhitaji kufumbua ili ajue ni nini. Vidole vilijua.

"Kaboni," Ngongoti alisema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mtoto wake wa kwanza. "Uma wa kaboni, Fundi. Tena wa kipimo changu! Shingo nyembamba ya zamani! Miezi miwili tumezunguka mji mzima tukaambiwa hautengenezwi tena. Mzee wa mitumba kaufungua kwenye furushi leo asubuhi, nilikuwa nimesimama hapo hapo. Pima uzito. Pima!"

Fundi alifumbua macho. Uma ulikuwa mweusi tii, unang'aa, mzuri wa kutamanisha.

"Ulinunua kwa hela ipi?"

Meno ya Ngongoti yalipungua kidogo.

"Ya tairi," alisema. "Na uma wangu wa zamani nikamwachia kama nyongeza. Ameshauuza, nilimwona akimkabidhi mtu wa mkokoteni. Lakini Fundi, usinikunjie uso kabla hujausikia mkononi."

Hapo lazima nikwambie walivyoanza hawa wawili, ili ujue kwa nini neno hilo la tairi lilimchoma Fundi kuliko matusi. Ngongoti alipoingia karakanani mara ya kwanza alikuwa na kikaratasi. Alitaka utepe mwekundu wa usukani, kishikio cha chupa cha kaboni, na miwani ya kuzuia upepo. Fundi alimuuliza ana kiasi gani. Alipotajiwa, akacheka hadi akashika mbavu. "Kwa hela hiyo utamaliza mashindano umependeza sana," alimwambia, "na utakuwa wa mwisho." Akakichukua kile kikaratasi, akakigeuza, akamwandikia upya. Kwanza tairi, maana ndizo zinazogusa barabara. Pili mipira ya breki. Tatu kofia ngumu, mpya, si ya mtumba, kwa kuwa kofia iliyokwisha kupigwa chini mara moja haikwambii. Kisha kaptula yenye sifongo, kisha cheni. Magurudumu mepesi baadaye. Urembo, hela ikibaki, nayo haibaki.

Ikawa hivyo. Kila mwisho wa mwezi Ngongoti alikuja kuchagua kitu kimoja. Kuchagua tairi tu kulichukua Jumamosi tatu. Tairi halichaguliwi Jumamosi tatu hata kama mtu ni kipofu, lakini wawili hawa walikuwa na mambo mengine ya kutazama. Jumamosi ya tatu mikono yao ilikutana kwenye spoku na hakuna aliyeuondoa wake. Tairi lile la kwanza lilishaisha sasa, limebaki kipara, na hela ya jozi mpya ndiyo iliyogeuka kuwa uma.

"Umevunja orodha," Fundi alisema.

"Nimeivunja mara moja tu. Mashindano ya Jumapili yana mlima, mpenzi. Kilomita kumi na moja za mlima. Tairi kipara litapanda. Uma wa chuma ule ungenikalia mgongoni."

"Na baada ya mlima kuna nini?"

Wote wawili walijua kwamba baada ya mlima kuna mteremko.

Upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa ikilia. Karakana hii, yenye mlango wake wa pembeni, ilikuwa nusu tu ya chumba kirefu kimoja; nusu ya mbele, inayotazama barabara, ilikuwa ya mama yake Fundi, mshonaji. Kwa miaka mitatu sasa mama huyo alikuwa hataki hata kutazama nyuma ya pazia. Mwanawe wa kwanza, kaka yake Fundi, alitoka humo na baiskeli asubuhi moja akarudishwa jioni amefunikwa shuka. Bintiye aliendelea na ufundi kwa sababu tumbo halisubiri msiba uishe, lakini mama alikuwa ameweka mpaka wake. Baiskeli zitengenezwe. Mpanda baiskeli asiingie kwenye ukoo.

Ngongoti, kwa ujasiri ambao ulimtoa Fundi machozi, alikuwa amekwenda kumkabili wiki tatu zilizopita. "Mama," alimwambia, "nipe Jumapili moja tu. Wanne wa kwanza wanachukuliwa na timu, wanalipwa mshahara. Nisipoingia, naiuza baiskeli, na Jumatatu inayofuata naja hapa na mjomba wangu kuleta posa." Mama aliuma uzi kwa meno, akajibu bila kuinua macho: "Ukishindwa, karibu. Ukishinda, nakutakia heri huko huko uliko."

Basi hali ilikuwa ndiyo hiyo, na ni hali ya kumtia mtu wazimu. Ngongoti akishindwa, Fundi anampata. Akishinda, anamkosa, au anabaki kumsubiri miaka isiyojulikana, mama akiwa amekunja uso. Na aliyekuwa akimwandaa ashinde ni Fundi huyo huyo. Kila boliti aliyoikaza vizuri ilikuwa ikimpeleka mbali naye. Aliikaza tu, kwa sababu alimpenda.

"Lete sarafu," alisema.

Ngongoti akatoa moja mfukoni. Fundi akaushika uma kwa vidole viwili, ukining'inia, akaanza kuugonga taratibu kuanzia juu. Kaboni nzima hutoa mlio mkali, mkavu. Ti, ti, ti, ti. Alishuka mguu wa kulia hadi mwisho. Ti, ti, ti. Akahamia wa kushoto. Ti, ti. Vidole vinne kutoka pale gurudumu linapofungwa, mlio ukafa.

Tu.

Aligonga tena. Tu. Akasogea juu kidogo, ti. Akarudi, tu. Akauleta uma dirishani, akainamisha kichwa. Kwenye rangi kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha.

"Huu haufungwi," alisema.

"Nini?"

"Haufungwi. Umekufa. Sikia mwenyewe."

Ngongoti alichukua sarafu, akagonga juu, akagonga chini. Akagonga tena. Fundi aliutazama uso wake, akaona jinsi alivyokuwa akitaka kwa moyo wote asisikie.

"Mimi naona sawa tu."

"Sikio lako limezoea brashi. Gonga hapa. Hapa! Husikii umeziba? Ndani kuna ufa. Nyuzi zimeachana."

"Au ni rangi imekwaruzika."

"Au. Utaenda kuteremka kwa kasi ile juu ya 'au'?"

"Fundi, punguza sauti."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Wakasubiri wote wawili wamebana pumzi mpaka ikaanza tena.

"Sikiliza," Ngongoti alisema kwa kunong'ona, akamsogelea. Alinuka tapentaini ya rangi na jua. "Nina miaka ishirini na tisa. Mwakani nitakuwa thelathini, na timu hawamchukui mtu wa thelathini. Miaka sita napaka kuta za watu, nalala na mikono inawaka, naamka saa kumi nipande baiskeli kabla ya kazi. Sina Jumapili nyingine. Kuna uma mwingine wa kipimo hiki mjini?"

"Hakuna."

"Kuna baiskeli ya kuazima inayonitosha?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Basi usiongee kama mama yako."

Hilo lilimkata maini. Aliuweka uma juu ya meza, polepole, akajifuta mikono kwenye kitambaa ingawa haikuwa imelowa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo mno hata Ngongoti akalazimika kuinama.

"Kaka yangu hakuteleza."

"Uliniambia aliteleza kwenye kona."

"Ndivyo mama anavyojua. Ndivyo kila mtu anavyojua. Baiskeli ililetwa vipande, watu wakasema imevunjika kwa sababu ameanguka. Mimi najua ilianza kuvunjika, ndipo akaanguka. Ulikuwa uma kama huu. Wa mtumba, mweusi. Niliugonga, nikasikia umeziba. Nikamwambia, kaka, sikia. Akaniambia, mdogo wangu, usiniharibie siku. Akanitekenya. Nikacheka." Aliitazama mikono yake. "Nikaufunga, Ngongoti. Mimi na mikono yangu hii. Nilikuwa nacheka."

Ngongoti alimvuta, akamkumbatia, grisi na rangi pamoja, na Fundi akalia bila sauti kwenye kifua cha shati lile gumu. Miaka mitatu hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alihisi mkono mkubwa ukimpapasa kisogo, na kwa muda akaamini kwamba mambo yamekwisha, kwamba amesikika.

"Pole," Ngongoti alisema. "Pole sana, mpenzi wangu. Umelibebaje hilo peke yako?"

"Basi niahidi."

Mkono ulisimama.

"Fundi. Si kila uma mweusi ni ule wa kaka yako."

Alijitoa kifuani. Wakatazamana. Macho ya Ngongoti yalikuwa mekundu, yana huruma yote ya dunia, na hayakuwa yamebadilika hata chembe.

"Hutaacha," Fundi alisema.

"Siwezi. Nikiacha kwa hofu, nitakuja kukuoa nikiwa na donge hapa, nawe utaliona kila siku mezani. Acha nijaribu. Nikishindwa kwa miguu yangu, nitakuja na mjomba nikiwa mtu mzima, mwenye furaha. Unanielewa?"

Alimwelewa. Hicho ndicho kilichouma.

"Nikatie shingo tu," Ngongoti alisema. "Nitafunga mwenyewe, usiguse. Kitu kikitokea kiwe juu yangu."

Ni kweli kwamba shingo ya uma ule, yaani bomba linaloingia kwenye fremu, ilikuwa bado ndefu, na lazima ikatwe kwa kipimo. Ukikosea kidogo umeharibu, na ndiyo maana watu humpelekea fundi. Ngongoti aliusimamisha uma kwenye fremu, akapiga mstari wa penseli shingoni, akaurudia mara ya pili ili uonekane. Kisha akaubana mwenyewe kwenye jiliwa, akazungushia kitambaa usichubuke. Alifanya yote hayo kwa uangalifu wa kusikitisha.

"Nenda kwa fundi mwingine," Fundi alisema.

"Sina fundi mwingine."

Alikuwa akitabasamu kidogo aliposema. Fundi alishusha msumeno ukutani. Aliushika muda mrefu.

"Kalete maji," alisema mwishowe. "Vumbi la kaboni ni baya kifuani. Lazima nilowanishe."

"Ndoo iko wapi?"

"Uani, karibu na bomba. Suuza kwanza, ilikuwa na mafuta."

Ngongoti aliinama, kwa kuwa yeye lazima ainame, akambusu kwenye paji la uso. "Nakuamini," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Fundi alisikia bomba likifunguliwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa. Akalegeza jiliwa, akaugeuza uma, akaubana tena miguu ikiwa juu. Hakujipa nafasi ya kufikiri. Akaweka meno ya msumeno pale pale mlio ulipokufa, akavuta.

Kaboni hukatika kirahisi kuliko mtu anavyodhani. Vumbi jeusi lilianza kumwagika kwenye kitambaa. Mivuto ya kwanza alikuwa na kaka yake machoni. Alimwona akicheka, akapitisha mguu juu ya baiskeli, akageuka kona. Sikuachii wewe, alikuwa akisema moyoni, wewe sikuachii. Lakini msumeno ulipofika katikati, jambo lingine lilimjia bila kuitwa. Jumatatu. Alimwona Ngongoti ameketi kwenye benchi la mama yake, amevaa shati la kupigwa pasi, na mjomba pembeni anakohoa kabla ya kuanza maneno. Na Fundi alifurahi. Ilikuwa furaha ya kitambo kidogo, lakini aliisikia vizuri kabisa, na mkono wake ukavuta kwa nguvu zaidi.

Kipande kilidondoka sakafuni.

Ngongoti aliingia na ndoo imejaa. Alitazama jiliwa, akatazama chini. Kwanza hakukasirika. Hilo Fundi hatalisahau. Uso wake ulijaa masikitiko kwa ajili ya Fundi.

"Umekosea," alisema kwa upole. "Maskini. Ulikuwa unalia, hukuona vizuri. Alama iko huku."

"Sikukosea."

Akaiweka ndoo chini taratibu. Maji yalichezacheza, yakatulia.

"Nimeukata makusudi," Fundi alisema. "Nichukie. Nichukie ukiwa mzima, siku ya Jumapili, umelala kitandani kwako. Njoo utazame, njoo uone ufa uliokuwa unataka kuupanda."

Aliokota kipande, akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye mkato. Ngongoti akasogea. Vichwa vyao vilikaribiana kama siku za kuchagua tairi.

Mkato ulikuwa mweusi, umeshikana, mzima. Fundi alipitisha kidole. Akaugeuza. Akapitisha ukucha, akatafuta mahali nyuzi zilipoachana, akasogeza tochi karibu hadi ikagusa. Akachukua upande uliobaki kwenye jiliwa, akautazama nao, ndani na nje. Hakukuwa na ufa.

"Nipe," Ngongoti alisema.

Alikichukua kipande, akakikwangua kwa ukucha kwa upande wa nje, pale penye ule mstari. Rangi nyeusi ilibanduka, na chini yake ukatoka unga mweupe.

"Puti," alisema.

"Nini?"

"Puti, Fundi. Mtu alikwaruza, akaziba kwa puti, akapaka rangi juu. Imekauka, imepasuka." Aliusugua ule unga kati ya vidole. "Nafanya kazi hii kila siku. Ukigonga ukuta wenye puti nene, hausikiki kama ukuta."

Fundi alishika ukingo wa meza. Cherehani upande wa pili ilikuwa ikienda, ikienda.

"Mlio ulikuwa umeziba," alisema. "Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia. Nilikudanganya, nilisikia." Aliweka kipande mezani kwa adabu, kana kwamba bado kina kazi. "Nilidhani nitaukwangua usiku nikiwa peke yangu, nitazame ndani kuna nini. Ningekuta una ufa nisingeupanda. Mimi si mjinga. Nilitaka tu usinione nikiogopa."

"Mungu wangu. Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusubiri?"

Fundi alisogea kumshika mkono, naye hakuuondoa, lakini mkono wenyewe ulikuwa umelala tu kwenye wa Fundi, hauna mtu ndani.

"Nikuulize jambo moja," Ngongoti alisema, "unijibu kweli, halafu sitauliza tena maisha yangu yote. Ulikata kwa sababu ya kaka yako tu?"

Fundi alifungua kinywa. Neno "ndiyo" lilikuwa hapo, tayari, na lilikuwa karibu kweli. Kama si ule mvuto mmoja wa msumeno, lingekuwa kweli tupu. Alimtazama Ngongoti machoni, na kwa bahati mbaya yake alikuwa mtu asiyejua kumdanganya mtu anayempenda.

Ngongoti aliona. Akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole.

"Sawa," alisema.

Akauondoa mkono wake kwenye wa Fundi. Akaokota fremu, akaitia begani. Bila uma wala gurudumu, mbele kulikuwa na tundu tu.

"Jumatatu nitakuja," alisema.

"Ngongoti..."

"Nilimwahidi mama yako. Nilisema nisipoingia, nitakuja na mjomba. Sasa siingii. Nitauza hii kesho. Nitakuja, nitakuoa, sitakurushia maneno, sitakunyooshea kidole. Neno langu ni neno."

Pazia likafunguliwa kwa kishindo. Mama alisimama hapo, tepu shingoni, sindano zimepangwa kifuani kwenye gauni. Miaka mitatu hakuwa amevuka mpaka ule. Hakutazama meza, hakuona vumbi jeusi. Alikuwa akimtazama kijana tu, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nimesikia sawasawa?" alisema. "Unaiuza?"

"Ndiyo, mama. Kesho."

"Huendi Jumapili?"

"Siendi."

"Alhamdulillahi!" Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu. Njoo. Njoo na mjomba, njoo na yeyote, hata usilete kitu. Siwezi kukwambia umeniondolea nini moyoni. Nilikuwa silali. Binti yangu alikuwa anakonda mbele ya macho yangu. Nitawashonea mwenyewe, yeye na wewe, suruali yako itakula vitambaa viwili lakini nitashona!"

Alicheka. Fundi hakuwa ameusikia mcheko ule tangu msiba. Ngongoti naye alijaribu kutabasamu, na jinsi alivyojitahidi, jinsi midomo ilivyopanda na macho yakabaki pale pale, Fundi akaona ndoa yao yote mpaka uzeeni. Angekuwa mume mwema. Angeleta mkate jioni. Angeketi kila Jumapili akitazama ukuta.

"Usije," alisema.

Mama aligeuka. "Umesema nini?"

"Namwambia yeye. Usije Jumatatu. Sikutaki."

"Una wazimu wewe? Mtoto wa watu ameacha kila kitu kwa ajili yako!"

Ngongoti alimtazama Fundi. Alijua kwamba ni uongo, alimjua vya kutosha kulijua hilo. Angeweza kukataa. Angeweza kusema neno moja tu. Fundi alisubiri neno hilo kwa mwili mzima, akiomba, na badala yake akaona mabega yale marefu yakishuka kidogo, na pumzi ikimtoka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ahsante," Ngongoti alisema.

Akamuaga mama kwa heshima, akainama mlangoni ili fremu isigonge, akaenda. Safari hii Fundi alisikiliza hatua zake hadi zikachanganyika na za watu wengine barabarani.

Mama alibaki katikati ya karakana, haelewi, mikono hewani.

"Mbona umemfukuza, mwanangu? Nami nimekubali? Mlikuwa mnagombana, sawa, watu hugombana. Hata kama kwa sasa humpendi, mapenzi huja mkishakaa pamoja. Yatakuja."

Fundi alichukua ufagio, akaanza kufagia vumbi jeusi.

"Yalikuwepo, mama," alisema. "Yalikuwepo mpaka saa tisa."